Si Kila Kicheko ni Utani

Nawapinga wasemao, "Nalitania tu," wakiisha kumwumiza mtu. Utani una wenyewe: mtani hutukana naye hutukanwa, wala hapana kesi. R. E. Moreau, alipoandika kwa Kiingereza habari zake katika Tanganyika mwaka 1941, aliliandika neno utani lenyewe. Lakini Mrundi aliyekaa kambini hapa Mtabila, kabla haijafungwa mwaka 2012, angaliwezaje kukurudishia, naye ni mgeni? Kumcheka kwa ukimbizi wake ni dhihaka. Kuisifu nyumba yake huku waitazama turubai ni kejeli. Walimu, msiwaache watoto kuyafasiri yote kwa neno moja la Kiingereza. Hata mzaha si mwepesi sikuzote: Biblia ya mwaka 1952 ililitumia neno hilo kwa vijana waliomcheka Elisha kwa upara wake.