Bei ya juu ni ahadi, na ahadi ni deni

Lipo neno moja lililozoeleka mno katika maduka yetu ya simu, nalo ni "kawaida". Mnunuzi akilalamika kwamba kioo cha simu aliyoinunua kwa zaidi ya shilingi laki moja hakikukaa sawasawa kwenye fremu yake, huambiwa kuwa ni kawaida. Akisema kitufe cha sauti kimelegea, ni kawaida. Akionyesha chembe ya vumbi iliyonaswa ndani ya lenzi ya kamera, hiyo nayo ni kawaida, mradi simu inapiga na kupokea. Kwa maoni yangu, wakati umewadia wa kulikataa neno hilo.

Anayenunua simu ya shilingi elfu kumi anajua anachokipata. Simu hiyo itampigia jamaa zake, itapokea pesa na kumsomea habari, na si haki kuidai umaridadi wa pete ya dhahabu. Lakini yule anayetoa laki moja na nusu halipii kupiga wala kupokea, kwa kuwa hata simu ya elfu kumi hufanya hayo. Tofauti yote ile ya bei ameilipia ufundi. Muuzaji amempa ahadi, na ahadi ni deni.

Wala suala hili si la urembo mtupu. Simu nyingi za bei ya juu hutangazwa kwamba zinastahimili maji na vumbi. Ustahimilivu huo hutegemea jinsi kioo, fremu na mgongo vilivyogandishwa pamoja, hivyo mwanya unaoitwa kawaida leo huenda ukawa mlango wa maji kesho. Hapo ndipo mnunuzi atakapofahamishwa kwamba waranti, kama zilivyo nyingi, haigharamii madhara ya maji. Kosa la kiwanda litakuwa limegeuzwa kuwa uzembe wa mwenye simu, ambaye pengine ni mwalimu au muuguzi ambaye angali anailipia kidogo kidogo.

Wapo watakaonijibu kwamba kizuri hakikosi ila, na kwamba kiwanda kinachounda mamilioni ya simu hakiwezi kukosa chache zenye dosari. Hayo nayakubali. Hata hivyo, mwenye kiwanda analijua jambo hilo kabla ya mnunuzi, na ana uwezo wa kulipangia katika bei yake. Kasoro kutokea si dhambi. Dhambi ni kumtwika mzigo wake mtu aliyebahatika vibaya kuchukua boksi lile badala ya lililokuwa kando yake.

Historia inaonyesha kuwa makampuni haya yanaweza kusahihisha makosa yakibanwa. Mwaka 2010, wanunuzi wa iPhone 4 waligundua kwamba simu hiyo hupoteza mawimbi ikishikwa kwa namna fulani. Kwanza walishauriwa wasiishike hivyo, lakini kelele zilipozidi, Apple iligawa vifuniko bila malipo. Mwaka 2016, Samsung iliziita zirudi simu za Galaxy Note 7, na hatimaye ikaacha kabisa kuziunda, baada ya betri zake kushika moto. Mwaka 2019, kampuni hiyo hiyo iliahirisha kuuza Galaxy Fold, simu ya dola 1,980, kwa sababu vioo vya simu walizopewa waandishi wa habari vilianza kuharibika baada ya siku chache. Iliuzwa miezi kadhaa baadaye, ikiwa imerekebishwa. Waandishi wale hawakuambiwa kuwa ni kawaida. Kwa nini basi aambiwe hivyo mnunuzi wa Nairobi, Kisumu au Mombasa?

Mimi mwenyewe yamenipata. Katika duka moja jijini nilirudisha simu siku ya pili tu, upande mmoja wa kioo chake ukiwa umeinuka kiasi cha kunasa ukucha. Kijana aliyenihudumia hakubisha kwamba dosari ipo. Alininyoshea kidole maandishi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kana kwamba ukuta ule ulikuwa Bunge.

Yafaa ieleweke kwamba sheria ya nchi haisemi hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Asiyeridhika anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wala halazimiki kuwa na wakili.

Wajibu wa mnunuzi nao upo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humnyima kinga aliyeikagua bidhaa iwapo kasoro ni ile ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usione haya kulifungua boksi pale pale kwenye kaunta. Pitisha kidole ukingoni mwa kioo, bonyeza kila kitufe, itazame kamera mwangani. Ukiona ila, ikatae simu hiyo kabla hujatoa pesa. Ukishanunua, itunze risiti, na malalamiko yako uyaandike badala ya kuyanong'ona.

Wahenga walinena kwamba kawaida ni kama sheria. Tukiendelea kupokea kasoro kwa bei ya ukamilifu huku tukishukuru, kawaida ya wauzaji ndiyo itakayokuwa sheria yetu, na ile iliyoandikwa itabaki makabatini.