Mikanda Kumi na Mmoja

Picha zote za toleo hili, tangu jaladani hadi ukurasa wa mwisho, zimepigwa kwa filamu ambayo haitengenezwi tena. Ni Kodak Plus-X, nyeusi na nyeupe, ISO 125. Tulikuwa na mikanda kumi na mmoja. Leo hatuna hata mmoja. Wako rafiki zetu ambao waliposikia hivyo walishika vichwa, na mmoja alituambia wazi kwamba tumechezea mali. Maneno yangu ya mwezi huu ni jibu kwao, na sina radhi ya kuomba: filamu ya mwisho ni ya kupigwa, na ipigwe mapema.

Mikanda hiyo nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Binti yake anaishi London. Mwaka 2011, Kodak ilipotangaza kuacha kuitengeneza Plus-X, binti alinunua yote aliyoikuta dukani akamletea baba yake, kama mtu anavyoleta dawa isiyopatikana nyumbani. Mzee akaiweka kwenye friji, akingoja shughuli ya kuistahili. Ikaja harusi ya mjukuu, lakini siku hiyo kila mtu alitaka picha za rangi. Ikaja Maulidi, mvua ikaharibu mambo. Kisha macho yakaanza kumsumbua. Siku aliponikabidhi mfuko ule, tarehe zilizochapwa kwenye vipakiti zilikuwa zimekwisha pita zamani.

Nami nikafanya vilevile. Nikaitia kwenye friji ya ofisini, nikaanza kuwaza tukio kubwa litakaloifaa. Miezi minane baadaye nilikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zile filamu umeziweka wapi?"

"Ziko kwenye friji, mzee. Salama kabisa."

"Na negativu zako mwenyewe, zile ulizopiga bandarini mwaka juzi?"

"Zimo kwenye boksi, juu ya kabati."

Hakunijibu. Alitazama dari yake, pale mvua ilipoacha doa la kahawia, halafu akaagiza tuletewe kahawa.

Nilirudi ofisini nikiwa na aibu. Kitu kisicho na picha hata moja tulikuwa tumekiweka kwenye baridi, na vyenye sura za watu tumevitupa juu ya kabati chini ya bati. Na hata hicho tulichodhani tunakilinda, hatukukilinda. Filamu ni chembe za chumvi ya fedha zilizotandazwa ndani ya jelatini, na jelatini hutoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Ni kitu kinachozeeka. Baridi hupunguza kasi ya uzee huo, lakini haizuii mionzi ya kutoka angani na ardhini, inayopenya ukuta, friji na kipakiti na kuzigusa chembe humo gizani. Mwaka baada ya mwaka ukungu huongezeka. Filamu zenye kasi kubwa huharibika upesi. Plus-X, ambayo kasi yake ni ya wastani, huvumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Kiwanda chenyewe kilishindwa kuihifadhi. Filamu hupakwa kwenye mapande mapana na marefu mno, ndipo ikatwe mikanda. Wanunuzi wakipungua, pande moja huzeeka ghalani kabla halijamalizika kuuzwa. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ikiwa Rochester yote, mji wa Kodak, ilishindwa, itaweza friji ya ofisi ambayo umeme wake hukatika?

Wapo wanaosema tungesubiri, huenda ikarudi. Wanatoa mfano wa Fujifilm, iliyoacha Neopan Acros mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikaleta Acros II. Ni kweli. Lakini iliyorudi ni filamu mpya. Ile iliyokuwa kwenye friji za watu iliendelea kuzeeka. Na anayetaka filamu ya kasi hii hii leo atapata FP4 Plus ya Ilford, inayotengenezwa Mobberley, Uingereza, na picha zake ni nzuri sana. Kwa hiyo sikusikitikia kuisha kwa Plus-X. Nilichosikitikia ni miaka iliyokaa bila kumtazama mtu yeyote.

Mwaka 1930, katika kisiwa cha Kvitøya huko kaskazini ya mbali, yalipatikana mabaki ya Wasweden watatu waliopotea na puto lao mwaka 1897. Katika vitu vyao zilikuwamo filamu alizopiga mmoja wao, Nils Strindberg, zilizolala barafuni miaka 33. John Hertzberg alizisafisha Stockholm, zikatoka picha 93. Moja inaonyesha puto limeanguka ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama kando yake wakilitazama. Kama Strindberg angeziweka akiba filamu zile zisubiri siku njema, Hertzberg angesafisha ukungu mtupu. Sisi hata barafu hiyo hatuna. Kwa joto la Tanga la Februari, mkanda uliopigwa unatakiwa usafishwe wiki hiyo hiyo, na ndivyo tulivyofanya.

Tulipiga watu wa kila siku: fundi baiskeli wa Ngamiani, wachuuzi wa samaki wa Deep Sea, mama wa vitumbua na wanawe. Fungua ukurasa wa 14. Mwalimu wa madrasa anatoka msikitini baada ya adhuhuri: kanzu nyeupe, jua la utosini, uso mweusi. Kipima mwanga ukikiachia kiamue chenyewe kitaifuata kanzu, na uso utazama gizani. Mpiga picha wetu alimwomba ruhusa, akamsogelea, akapima mwanga wa shavuni. Kipimo alikipanga kwenye 64 badala ya 125, maana filamu iliyozeeka huhitaji mwanga zaidi. Katika kusafisha akautoa mkanda kwenye dawa mapema kidogo, kanzu isije ikaungua. Tazama sasa: darizi ya shingoni inahesabika uzi kwa uzi, na juu ya shavu weusi unapanda taratibu hadi kwenye mng'ao mdogo wa jasho chini ya jicho. Kivuli cha mlangoni nyuma yake ni cha kijivu, hakikukolea. Hicho ndicho tulichopoteza kwa kungoja.

Mkanda mmoja ulitufia, na kosa ni langu. Niliutoa kwenye friji asubuhi ya unyevunyevu nikaufungua papo hapo, ukatoa jasho kama chupa ya soda. Picha zote 36 zina madoa. Mkanda uliotoka kwenye baridi uachwe ndani ya kikopo chake hadi upate joto la chumba, ndipo ufunguliwe. Kumi iliyobaki ilitupa picha 360. Humu zimo 44.

Nilipokuwa kijana, studio moja mjini ilifungwa na maboksi ya negativu yakaachwa uani. Vuli ikanyesha. Nilikwenda kutafuta picha ya harusi ya mama yangu. Niliokota negativu moja, nikaishika kwa ncha za vidole, na sura iliyokuwamo ikateleza ikaning'inia kidoleni kama utando wa maziwa. Mkononi ilibaki plastiki angavu, tupu. Zanzibar tunaweza kuwaona watu wa zamani kwa sababu Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit, walizitunza kazi zao. Za Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya aliyeuawa vitani Biafra mwaka 1968, zilikaa miaka mingi ndani ya gereji Nairobi kabla hazijafunuliwa. Kwa hewa yetu hiyo ni bahati kubwa. Negativu za plastiki ya asetati zikipata joto na unyevu huanza kuoza zenyewe, na dalili ya kwanza huipata pua: zinanuka siki.

Za toleo hili tumezikata vipande vya picha sita sita, tukazitia kwenye bahasha za karatasi na jina la kila mtu limeandikwa kwa penseli, kisha kwenye mifuko miwili iliyofungwa unyevu usiingie. Zimelala kwenye friji, palepale zilipokuwa filamu, na nafasi bado ipo. Jumamosi tunakwenda kwa mzee na gari la kukodi. Maboksi yake yako chini ya kitanda, na mkewe ametuambia kwamba lile la ukutani limeanza kunuka siki.