Kanisa likitawanyika, nani anajua mahali ulipo?

Mara tatu katika miaka mitano, makanisa ya Goma yameona waumini wao wakitawanyika. Mwezi wa 3 mwaka 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilisimamisha ibada katika nchi nzima na kukataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Milango ilifunguliwa tena mwezi wa 8. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye kartie 10 kati ya 18 za mji ziliamriwa kuhama. Watu wakakimbilia Sake, Minova na Gisenyi. Kisha, mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, vita viliingia mjini, na katikati ya mwezi wa 2 Bukavu nayo ikaingia katika mikono ya AFC/M23. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zikavunjwa.

Kila mara swali lilikuwa lile lile: ndugu zetu wako wapi? Mchungaji mwenye waumini mia sita hawezi kujua nani amelala wapi usiku ule. Anayejua ni yule aliyezoea kuketi naye kila juma, aliyejua jina la mtoto wake mgonjwa na deni la kodi ya nyumba. Ndiyo maana tunasema wazi: kikundi kidogo cha uanafunzi si jambo la kuongeza kanisa likipata nafasi. Katika hali yetu ya leo, ndipo kanisa lenyewe linapoishi.

Jambo hili si geni

Musa alichoka kwa kuhukumu watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, na mkwe wake akamshauri aweke viongozi hata wa watu kumi kumi (Kutoka 18). Petro alipotoka gerezani hakwenda hekaluni. Alikwenda nyumbani kwa Maria mama yake Yohane Marko, ambako watu walikuwa wakiomba (Matendo 12). Ndugu zetu Wakatoliki wa Kongo walianza kusema juu ya jumuiya ndogo za Kikristo tangu mwaka 1961. Sisi Waprotestanti tumejenga majengo makubwa na kwaya nzuri, lakini mara nyingi mtu anabatizwa, anaimba miaka kumi, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaishije na mke wake au na mali ya wengine.

Namna ya kuanza

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni haya: mchungaji anatangaza siku ya Bwana kwamba avenyu zote zitakuwa na vikundi, majina yanaandikwa, na baada ya miezi miwili hakuna kinachobaki. Kikundi hakizaliwi kwa tangazo. Mchungaji au mzee wa kanisa aanze yeye mwenyewe na watu watatu au wanne, akae nao miezi kadhaa, halafu awatume kuanzisha vingine. Ndiyo njia Paulo aliyomwonyesha Timoteo: uliyoyapokea, uwape waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine (2 Timoteo 2).

Watu wasizidi 12. Saa moja na nusu inatosha, na mkutano uishe kabla ya giza. Chefu wa avenyu na wa nyumba kumi wajulishwe, ili mkutano usidhaniwe kuwa wa siasa. Msome fungu moja fupi, kwa sauti, mara mbili, katika Kiswahili ambacho hata mama asiyejua kusoma atakifuata. Halafu mmoja alisimulie kwa maneno yake. Maswali matatu yanatosha: tunajifunza nini juu ya Mungu, nini juu yetu, na juma hili tutatii nini? Mkutano unaofuata uanze kwa swali hilo la tatu. Bila hilo tunapata wasikilizaji tu, hatupati wanafunzi.

Kiongozi hahitaji shule ya teolojia. Anahitaji maisha yasiyo na mashaka, masikio, na msaidizi tangu siku ya kwanza. Anayesema peke yake saa nzima amehamisha mimbari sebuleni tu.

Hatari tusizozificha

Ya kwanza ni kabila. Vikundi vikifuata lugha ya nyumbani tu, vitakuwa mahali pa kusambaza uvumi juu ya majirani. Tuchanganye watu kwa makusudi, kwa avenyu, hata kama mwanzoni watatazamana kwa hofu.

Ya pili ni chumba cha maombi kisicho na msimamizi, ambamo mtu anatabiri kwamba mtoto fulani ni mchawi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu shutuma hiyo, na Injili inaikataa.

Ya tatu ni siri. Katika kikundi kizuri watu watafungua mioyo, na mama mmoja anaweza kusema alivyotendewa na watu wenye silaha. Kiongozi asimfanye ushuhuda wa siku ya Bwana. Amsindikize mapema, kabla ya saa 72 kupita ikiwezekana, kwenye hospitali inayojua kazi hiyo, kama Panzi huko Bukavu au HEAL Africa hapa Goma. Hata muda huo ukipita, asiache kumpeleka. Maombi na dawa havipigani.

Ya nne ni feza. Likelemba na AVEC ni vizuri, lakini viwe na siku yao na daftari lao.

Wachungaji wengine wanaogopa kwamba kikundi kitageuka kanisa lingine. Hofu hiyo ina sababu, tumeona migawanyiko. Lakini kikundi hujitenga hasa pale kinapoachwa peke yake. Mchungaji akutane na viongozi wake mara mbili kwa mwezi, awasikilize, awaombee, awasahihishe.

Wapendwa, hatujui mwezi ujao utaleta nini juu ya mji wetu. Juma hili chukueni karatasi, andikeni majina ya ndugu walio karibu na nyumba yenu, na mwulize kwa kila jina: tukitawanyika kesho, nani atamtafuta huyu? Jina lisilo na jibu, hapo ndipo kazi inaanzia.