GARI LETU HALIJAZEEKA, TUMEZEMBEA SISI



Siku hizi kuanzia mashine ya kusaga mpaka kilabuni neno ni moja tu: "Pikapu iuzwe." Ati imezeeka. Ati mafuta hayapandi, waipa zimekufa, mlima umeishinda. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wanasema upo mkono wa mtu. Mkutano Mkuu umekaribia na hoja ya kuuza imo. Sisi tulioandika karatasi hii tunasema hatukubali. Siyo kwamba tunapenda chuma chakavu. Ila gari linahukumiwa kwa kosa ambalo si lake.

Tuanze na mafuta. Kifuniko cha tangi kilipotea siku tulipojaza petroli Same. Kitu kidogo tu. Badala ya kununua kingine, tundu likazibwa kwa nailoni na kipande cha tyubu ya baiskeli, likakazwa kwa mpira. Tukasifu, maana hata harufu haikutoka. Tangu siku hiyo gari linatoka Same vizuri, linafika Mwembe, likianza kupanda kuelekea Mbaga linakohoa, linakata, linazima. Likipumzika nusu saa linawaka. Kilomita chache, linazima tena.

Fundi akaitwa, akasema pampu. Tukanunua pampu. Likazima. Akasema hiyo pampu ni mbovu, iletwe nyingine. Tukanunua. Likazima. Na waliotia sahihi hati zote mbili za malipo ni sisi, kamati ndogo ya usafiri. Tunakiri hapa ukutani mbele ya kila mtu.

Aliyefumbua fumbo ni mzee wetu mmoja, dereva mstaafu, na wala hakushika spana. Alingoja gari lizime, akafungua lile fundo la nailoni. Tangi likavuta hewa, fyuuu, wote tukasikia. Gari likawashwa, likapanda mpaka juu.

Hapo pana uchawi gani? Pindua dumu la maji lenye mdomo mmoja. Maji yanakwama, hewa inaingia, ndipo yanatoka. Na tangi ni hivyo hivyo. Pampu ikivuta petroli, lazima hewa ichukue nafasi yake. Kifuniko cha kiwandani kina njia ndogo ya hewa, nailoni yetu haikuwa nayo. Pampu ikavuta mpaka ikashindwa. Gari likipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana liliwaka tena. Kweli upo mkono wa mtu: ni ule uliofunga nailoni.

Tena maradhi yalikuwa mawili. Mpira wa tyubu haupatani na petroli. Unavimba, unalainika, unamegeka. Tulipofungua filta tulikuta imejaa masizi meusi ya mpira.

Jamani, sisi ni watu wa ndiva. Babu zetu walizijenga kukusanya maji ya usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Maji yakipungua, nani anasema mlima umezeeka tuuze shamba? Tunaitana msaragambo, tunatoka na majembe, tunaanza juu. Ndiva imejaa tope? Mlango umeziba? Mfereji umepasuka wapi? Tunashuka hatua kwa hatua mpaka shambani. Basi tangi ni ndiva, bomba ni mfereji, kabureta ni shamba. Kwa nini kwenye gari tunaanza katikati, tena kwa kununua?

MAFUTA YASIPOPANDA, TUFUATE HIVI (sigara na koroboi zikae mbali):

1. Fungua kifuniko cha tangi. Likivuta hewa kwa kishindo na gari likawaka, mwizi umemkamata.

2. Pima mafuta kwa kijiti safi. Geji inadanganya. Na kwenye mlima mkali mafuta machache yanakimbilia upande mmoja, mdomo wa bomba unabaki mkavu.

3. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yanazama chini, petroli inakaa juu. Petroli ya madumu ya kando ya barabara tuichuje kabla ya kutia.

4. Tazama filta. Ikiwa nyeusi badilisha. Kisha fungua bomba upande wa pampu, lipulizwe kwa pampu ya matairi kurudi tangini. Msivute petroli kwa mdomo, ni sumu.

5. Hapo ndipo mfike kwenye pampu. Chomoa waya mwembamba wa koili ili cheche zisiruke. Fungua bomba linaloingia kabureta, liweke kwenye chupa, piga stata. Petroli ikiruka kwa nguvu, mara kwa mara, pampu ni nzima. Msiinunue!

6. Mwisho kabureta. Bakuli lake lisafishwe, na sindano inayofungua na kufunga petroli itazamwe kama imekwama.

Na lile joto la bondeni, Makanya na Hedaru saa nane mchana, linaweza kuchemsha petroli ndani ya bomba lililo karibu na ekzosi. Pampu inabaki kusukuma mvuke. Bomba lisogezwe mbali na ekzosi, na pampu ifunikwe kitambaa kilicholowa maji mpaka ipoe. Hapo spea haihitajiki.

Sasa waipa. Hapa ndugu zetu hatutacheka.

Masika iliyopita mama mmoja wa kijiji hiki alishikwa na uchungu usiku. Pikapu ikawashwa kumpeleka hospitali Same. Ukungu wa Shengena umeshuka, mvua inapiga, waipa hazitembei. Utingo akafunga kamba kwenye waipa, akavuta kulia, mwenzake akavuta kushoto, madirisha wazi, mvua inaingia ndani, dereva kichwa nje. Walifika na mama alijifungua salama. Tulimshukuru Mungu, halafu tukamjaribu tena, kwa sababu waipa zile hazijatengenezwa mpaka leo.

Mwaka 1903 mwanamke wa Marekani, Mary Anderson, alipata hati ya uvumbuzi wa kifuta kioo kinachovutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Basi sisi usiku ule, na mgonjwa ndani, tulikuwa nyuma ya huyo mama! Yeye alikuwa na mkono wa chuma, sisi tulikuwa na kamba.

Waipa zilikufaje? Tumefungua, tumeona. Vyuma vinavyounganisha mota na mikono ya waipa vimeshikana kwa vumbi na kutu, havijaonja oili. Mota ikazidiwa mzigo, fyuzi ikakata. Mtu akaweka nyingine, ikakata. Ndipo mjanja mmoja akaweka kipande cha waya mnene. Fyuzi haikukata tena, ila nyaya zilianza kunuka moshi. Fyuzi ni mlinzi. Akipiga kelele mara mbili humpigi rungu, unamtafuta mwizi.

Kupima ni rahisi. Tenganisha mota na vile vyuma, washa swichi. Mota ikizunguka peke yake, ni nzima, tia oili kwenye viungo. Ikiwa kimya, tazama fyuzi na swichi. Kisha chukua waya kutoka upande wa hasi wa betri, gusisha bodi ya mota. Ikiamka, arthi ndiyo imeota kutu, isuguliwe kwa msasa. Mota ikivuma na mikono imesimama, kaza nati za mikono. Na raba zilizokaushwa na jua zibadilishwe. Kioo chenye matope kavu kimwagiwe maji kwanza, waipa zisikikwangue.

Wanaotaka kuuza wana hoja moja ya kweli: gari lina miaka mingi na spea zinakula fedha. Sawa. Lakini pampu zile mbili hazikuliwa na gari, zililiwa na kubahatisha kwetu. Wazee wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, spea hakuna na mafuta ni ya shida. Fundi hakuthubutu kutupa kitu bila kukipima. Leo maduka yamejaa, nasi tumeacha kufikiri.

Na nani atanunua gari linalozima? Atalinunua mjanja, kwa bei ya chuma. Ataweka kifuniko na filta, atatia oili. Mwezi ujao atakuja kubeba tangawizi yetu kwa gari letu, kwa nauli atakayopanga yeye.

TUNADAI HAYA:

Moja, hoja ya kuuza isipigiwe kura mpaka gari lipimwe mbele ya wanachama.

Mbili, spea isinunuliwe mpaka wanachama wawili waone kipimo kwa macho yao.

Tatu, liwepo daftari la gari. Dereva aandike kila lilipozima, lilikuwa wapi, na lilizimaje.

Nne, wakati wa mvua au ukungu gari lisiondoke bila waipa, awe anaondoka nani. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikutungwa kwa ajili ya mjini tu. Mvua ya milima hii tunaijua. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha na tukazika watu.

Tano, msaragambo wa gari mara moja kwa mwezi, kama wa ndiva. Sisi wa kamati tutatangulia kuchafuka.

Jumamosi asubuhi pikapu itakuwa uwanjani, boneti wazi. Mwenye kusema imezeeka aje atuonyeshe uzee huo uko wapi. Asiyejua kusoma asomewe. Na karatasi hii asiichane mtu, mwenye jibu aandike lake alibandike hapa chini.

Kujitegemea ni pamoja na kukijua kilicho chako.

Kamati Ndogo ya Usafiri