Kufuta Alama Si Kuondoa Programu



Juma hili napenda tuzungumze juu ya kompyuta kuukuu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za umri mkubwa haziwezi kupokea toleo linalofuata. Kwa hiyo ofisi zinanunua mpya, na zile za zamani zinapelekwa vigangoni, zinapewa shule, au zinauzwa kwa mafundi wa mjini Moshi. Ni jambo jema. Lakini najiuliza: zinaondoka na nini ndani yake?

Kila mwenye kihamba huku mlimani, kuanzia Kibosho hadi Rombo, anajua kwamba ukikata mgomba juu ya ardhi hujauondoa. Tunguu limebaki chini, nalo litachipua. Watu wengi huondoa programu za kompyuta kwa namna hiyohiyo. Wanafuta ile alama ndogo iliyopo kwenye uso wa kioo, wakadhani kazi imekwisha. Alama ile ni kibao cha kuelekeza njia tu. Ukiking'oa kibao, nyumba haijabomoka.

Njia iliyo sahihi ni kufungua Mipangilio, kuingia katika orodha ya programu, kuchagua ile usiyoitaka na kuamuru iondolewe. Hata hivyo, mara nyingi huondoka programu yenyewe tu, na yale uliyoyaweka ndani yake yakabaki. Firefox ikiondolewa kwa kawaida huacha nyuma maneno ya siri yaliyohifadhiwa na kumbukumbu za kurasa ulizotembelea. Thunderbird, ambayo ni programu ya barua pepe, huacha barua zilizohifadhiwa humo. Chrome angalau hukuuliza, kwa kisanduku cha kuwekea tiki, kama unataka takwimu zako nazo zifutwe. Wengi hupita bila kukitazama. Masalia haya hukaa katika folda iitwayo AppData, ambayo kwa kawaida imefichwa isionekane. Watengenezaji hawakukusudia ubaya: walitaka ukiirudisha programu uvikute vitu vyako. Lakini kama mashine inakwenda kwa mwenye nyumba mwingine, ni yeye atakayevikuta.

Hapa ndipo ninapoguswa zaidi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 535, zinamtaka paroko aangalie vitabu vya parokia visiangukie mikononi mwa watu wa nje. Misioni za Kilimanjaro zimetunza vitabu vya ubatizo tangu miaka ya 1890, navyo hufungiwa kabatini. Je, kompyuta iliyoandikiwa majina hayohayo, pamoja na barua za wanandoa wenye matatizo na orodha za wadaiwa wa michango, tunaifungia wapi? Mama aliyemwandikia paroko wake juu ya ndoa yake hakumwandikia mnunuzi wa kompyuta.

Na mtu asidhani kuwa akishamwaga kile kipipa cha taka amemaliza. Katika diski ya kawaida inayozunguka, kufuta faili ni kufuta jina lake katika faharasa; maandishi yenyewe hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimekwisha tumika. Diski 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Walikuta humo namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi inayotunza habari za watu haiwezi tena kusema kwamba hayo ni mambo ya fundi.

Kuna wanaokimbilia programu za bure zinazojigamba kusafisha kila kitu. Mimi siziamini sana. Mwaka 2017 CCleaner, iliyokuwa mashuhuri kuliko nyingi, ilisambazwa ikiwa imepandikizwa programu ya wahalifu, ikawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Wengine hushauri diski ivunjwe kwa nyundo. Kwa diski iliyokufa, sawa. Lakini diski nzima iliyosafishwa inaweza kumfundisha mtoto wa shule ya sekondari kwa miaka kadhaa, na kuivunja ni ufujaji.

Windows yenyewe ina njia ya kuiweka kompyuta upya: chagua kuondoa kila kitu, kisha katika mipangilio ya ziada uruhusu kusafisha diski. Huchukua saa kadhaa, na umeme usikatike katikati. Kabla ya hapo nakili yanayohitajika kwenye diski ya nje, uifungie pamoja na vitabu.

Ninapendekeza kwa Halmashauri ya Walei kwamba kompyuta yoyote isitoke ofisini kabla ya kazi hiyo kufanyika, na kwamba katibu aandike katika daftari la mali za parokia tarehe na jina la aliyeifanya. Tuanze na zile mbili zilizoko stoo, ambazo zimekwisha ahidiwa shule.