Niliokoa kutex kabla ya godoro, na siombi msamaha

Haya, tuongee. Wiki jana niliposti picha ya katoni langu la rangi za kucha. Chupa 41. Kwenye komenti mtu akaandika: "Hewani kwenyewe mwalala njaa, wewe wanunua kutex." Ikapata likes kushinda picha yenyewe! Nikanyamaza siku mbili. Leo sinyamazi.

Kwanza hesabu. Chupa moja Garsen nanunua shilingi 50, zile nzuri 100, na kwa mwezi nachukua moja, nikizidisha mbili. Kuna vijana hapa kijijini wanabeti pesa hiyo kabla ya chai ya saa nne na sijaona mtu akiwauliza unga uko wapi. Muguka je? Lakini msichana akishika kichupa chekundu, ghafla kila mtu ni waziri wa fedha.

Pili, hii si tabia ya matajiri. Kampuni ya Revlon ilianza Marekani mwaka 1932, wakati uchumi wao umeanguka na watu hawana kazi, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha. Hiyo tu. Na watu walinunua. Hata hili neno kutex tunalotumia kwa kila chupa ni jina la kampuni ya hukohuko, Cutex. Mtu akikosa kikubwa hutafuta kidogo kinachomng'arisha, iwe New York ama Tana Delta.

Wanaonijua wajua naposti nini. Majina ya kwenye chupa siyatumii, nazipa yangu. Kuna Embe Bivu, kuna Mpunga Mbichi (kijani ambacho hakuna anayekitaka ila mie), kuna Jua la Garsen, na kuna ile ya hudhurungi niliyoipa jina Maji ya Mto. Nikizipanga kwa mpangilio wa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, kichwa kinatulia. Sijui niwaelezeje. Wengine wana kwaya, wengine wana mpira.

Shambani hazidumu, hilo nakubali. Ukipalilia mpunga asubuhi moja, kucha za mikono zimebanduka zote. Ndiyo maana mie napaka za miguu zaidi, halafu navaa ndara nazitazama njia nzima. Tena joto letu ni adui. Chupa ikiachwa juani inaganda kama uji wa jana, kwa hivyo iweke imesimama, gizani, karibu na mtungi. Na jamani, acheni kutia asetoni ndani ya chupa! Itakuwa nyepesi siku hiyo, kisha rangi yenyewe imeharibika. Mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Nishasema mara mia.

Rafiki yangu Muorma yeye ni hina. Kutex inazuia maji ya udhu, kwa hivyo ananiazima zile siku asizoswali tu, halafu anaibandua yote. Nami nikitaka hina naenda kwao. Hatujawahi kugombana juu ya hilo.

Sasa ile ya godoro. Mwisho wa 2023 mvua ilipozidi, na tena 2024, wa huku wajua: kunanyesha huko milimani, mabwawa ya Masinga na Kiambere yanafurika, na sisi wa chini ndio tunahama. Mama akaniambia nibebe godoro. Nikabeba katoni kwanza, nikarudia godoro. Alinitukana njia nzima, na haki alikuwa nayo, maana chupa moja ilipasuka ikaharibu leso yake ya Idi aliyopewa na jirani. Leso hiyo hajanisamehe hadi leo.

Lakini kambini kuna kukaa. Hakuna shamba, hakuna mto wa kuchota, ni kukaa tu na kungoja kuandikwa jina. Nikaanza na wasichana wawili, wakawa kumi. Siku ya tatu akaja mama mmoja mtu mzima, mpunga wake wote ulikuwa umekwenda na maji. Akanyoosha mkono bila kuniangalia, akasema, "Nipake nyekundu." Nilimpaka taratibu, vidole kumi, na mikono yake ilikuwa na nyufa za jembe. Alikaa akiipuliza mpaka ikakauka. Baadaye nikamuona kwenye foleni ya maharage, ameshika sufuria kwa ncha za vidole ili isikwaruzwe.

Huyo naye mumwambie habari za unga.

Mimi kwa sasa natafuta zambarau, ile iliyokoza kama biringanya, si ile ya pinki inayojifanya. Garsen nimezunguka sijaipata. Mtu akienda Malindi ama Mombasa anitafutie, pesa natuma kwa simu, na nauli ya kuileta hadi Hewani ni juu yangu.