Mama, Ukienda Malawi Kumwona Binti Yako

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya masomo ya watoto, kwa sababu mama mmoja wa kundi la Katuba alitufikia na swali ambalo tunajua wengine pia wanalo. Binti yake anaishi katika kambi ya Dzaleka, kule Malawi, na katika mwezi wa nane atazaa mtoto wake wa kwanza. Ni miaka sita hawajaonana. Binti hawezi kuja: mtu aliyepokelewa kama mkimbizi, akirudi katika inchi aliyoikimbia, anaweza kupoteza ulinzi aliopewa. Tena serikali ya Malawi inataka wakimbizi wakae kambini, basi hawezi hata kuja mpakani kumpokea mama yake. Ni mama ndiye atakayekwenda. Njia hiyo tuliipita walimu wanne wakati wa vakansi kubwa iliyopita, na tuliyoyaona ndiyo tunamwambia.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Kutoka Lubumbashi unavuka Kasumbalesa, unapita Chingola, Kitwe na Ndola mpaka Lusaka. Lusaka unalala. Usijaribu kuunganisha, umri wetu hauruhusu tena. Kesho yake, asubuhi mapema sana, unapanda bisi ya Chipata, ambayo ni safari ya kutwa nzima, zaidi ya kilometa 500, na katikati unapita daraja la Luangwa ambapo wanauza samaki mkavu na vikapo vizuri. Chipata ni karibu na mpaka. Upande wa Zambia panaitwa Mwami, upande wa Malawi Mchinji, na kutoka hapo Lilongwe ni kama kilometa 110. Saa hamtabadilisha, ni saa moja na ya Lubumbashi. Lakini magari, tangu Kasumbalesa, yanapita upande wa kushoto. Mmoja wetu alitazama kushoto kama alivyozoea, akaweka mguu barabarani pale Kitwe, na bila mama mmoja mwuza nyanya kumvuta kikwembe tungekuwa tunaandika mambo mengine. Tazama kuume kwanza.

Sasa karatasi, na hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo safari inakufa.

Unavuka inchi mbili, basi uliza mambo ya viza mara mbili. Kwa Zambia uliza konsula yao hapa Lubumbashi, na kwa Malawi uliza kwa ubalozi wao kabla ya kukata tikiti. Usiulize jirani aliyekwenda zamani, kwa maana sheria zinabadilika. Paspoti yako itazame leo, si siku ya kuondoka: iwe na miezi sita mbele na kurasa nyeupe za kutosha, kwa sababu kwenda na kurudi utapigiwa mihuri mingi. Kitabu cha manjano, kile cha chanjo ya homa ya manjano, wataomba kwa kuwa tunatoka Kongo. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha yote, hata kama kitabu cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Lakini kama hujachanjwa, chanjwa sasa: inaanza kukubaliwa siku kumi baada ya sindano. Kununua kitabu bila sindano ni kujidanganya wewe mwenyewe, maana ugonjwa hausomi kitabu.

Kama unakwenda na mjukuu au mtoto mdogo, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya wazazi iliyopigwa muhuri wa serikali. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa marehemu dada yake. Amemlea tangu anyonye, mtoto anamwita mama, na kila mtu kwenye bisi aliona hivyo. Lakini majina yao hayafanani. Tulisimama mpakani mpaka jua likageuka, na mwishowe yeye na mtoto walirudi Lubumbashi, sisi tukaendelea tukiwa watatu. Askari hakukosa, tunasema kweli. Watoto wanaibwa mipakani, na kuulizwa hivyo ndiko kunakowalinda. Kosa lilikuwa letu, tuliofikiri kwamba mapendo yanaonekana bila karatasi.

Jambo la dawa. Wengi wetu tunabeba siro ya kikohozi ya watoto bila kuwaza. Zambia ni wakali sana juu ya dawa zenye kodeini, na hata zile zenye difenidramini, ambazo kwetu tunanunua kama sukari. Kuna wasafiri waliofungwa kwa ajili ya chupa namna hiyo. Soma maandishi ya chupa. Dawa unayoihitaji kweli, ya tansio au ya sukari, iwe katika boksi lake pamoja na ordonansi ya munganga.

Juu ya makuta: dolari zako ziwe safi, zisizopasuka. Kisha ujue kwamba Zambia wana kwacha na Malawi wana kwacha, lakini si feza moja. Kwacha moja ya Zambia inanunua makumi ya kwacha ya Malawi. Tulipobadilisha mpakani, kijana mmoja alituhesabia haraka, akatutajia kwacha bila kusema ya inchi gani, nasi, watu wa kufundisha hesabu, tukapokea bunda nene tukafurahi unene wake. Kwenye bisi tukapiga hesabu upya: nusu ilikuwa imekwenda. Piga hesabu yako kwenye simu kabla ya kufungua mkoba, badilisha kidogo tu ya bisi na chakula, nyingine ingoje benki au ofisi ya kubadilisha Lilongwe.

Lugha isikuogopeshe. Mpaka Ndola Kibemba kinatosha, hata Kiswahili chetu utapata wa kukisikia. Kuanzia Lusaka kuna Kinyanja, na Malawi ni Chichewa, ambacho ni karibu lugha moja nacho. Kifaransa kiache nyumbani. "Muli bwanji" ni kuuliza habari, "zikomo" ni asante, na ukiikunja goti kidogo utasaidiwa kila mahali. Fungia kikwembe juu ya nguo yako, hasa kijijini. Wakati wa Rais Banda sheria ilikataza wanawake kuvaa suruali, na ingawa sheria hiyo iliondolewa miaka ya 1990, wazee bado wana macho. Chakula ni bukari yetu, wao wanaiita nsima, na usipa wao ni samaki mdogo kama ndakala. Mbu ni wengi, lala ndani ya chandarua. Ukifika ziwani usiingie maji, kuna bilharzia.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza, na jina lenyewe lina ile "leka" ambayo wenye Kibemba wanaijua, yaani mtu anaahidi kwamba ataacha. Tangu 1994 ni kambi, na watu wengi kupita kiasi wamejaa ndani. Usifike kwa kushtukiza. Binti akujulishe mapema kwa wakubwa wa kambi, nawe siku ya kufika jionyeshe kwao na paspoti yako kabla hujaenda nyumbani kwake. Ukijificha, si wewe utakayeulizwa baadaye, ni yeye. Tena wao wanapata msaada wa chakula kwa kipimo, na kipimo hakihesabu mgeni. Nunua unga, mafuta na maharagwe Lilongwe, ingia navyo. Mama anayekwenda kumkanda mzazi asile chakula cha mzazi.

Mama wa Katuba anaondoka siku ya posho ya mwisho wa mwezi wa saba. Mwenye ndugu kule anayetaka kumtumia kitu, amletee kabla ya siku ya nne. Kisipite kilo mbili kwa kila nyumba, kifungwe mbele ya macho yake, na kisiwe siro ya kikohozi.